Je, Wajua? Panya na jeni zake bubu

Je, wajua kwamba panya anayetumika kuliko wote katika maabara za dunia, yule mweusi mdogo aitwaye C57BL/6, ana jeni ya kinga isiyofanya kazi kabisa, na kwamba hakuna mtaalamu aliyeiharibu? Alizaliwa nayo hivyo, kama mama yake na bibi yake. Ukoo wake ulianzishwa mwaka 1921 na Mmarekani Clarence Cook Little, kutokana na panya jike namba 57 wa Abbie Lathrop. Lathrop alikuwa mwalimu aliyeacha kazi akageukia kufuga panya wa kuuza huko Granby, Massachusetts, na mwanzoni wateja wake walikuwa watu waliopenda panya wa mapambo. Wanasayansi walibisha hodi baadaye. Mradi wa kimataifa wa kusoma vinasaba vya panya ulipochapisha matokeo yake mwaka 2002, vinasaba vilivyosomwa vilikuwa vya ukoo huu. Yaani panya aliyechaguliwa kuwawakilisha wenzake wote ana pengo katika kinga yake.

Je, wajua jeni hiyo ina kazi gani? Hapa twende polepole, maana ndipo penye utamu. Seli za kinga zikimeza kijidudu humkatakata, halafu huweka vipande vyake nje, juu ya utando wa seli, ili seli T zipite na kuvikagua. Kipande hakijishikilii chenyewe. Hubebwa na protini maalumu. Panya ana protini kuu mbili za kazi hiyo, A na E, na kila moja huundwa na nyuzi mbili, alfa na beta. Bila nyuzi hizo kukutana, hakuna kinachopanda juu. Jeni yetu, H2-Ea, ndiyo inayotoa uzi wa alfa wa protini E. Ikinyamaza, uzi wa beta hutengenezwa kama kawaida lakini hukwama ndani ya seli. Patricia Jones, Donal Murphy na Hugh McDevitt wa Chuo Kikuu cha Stanford walilionyesha hilo mwaka 1978 kwa kuzalisha machotara: panya mwenye beta peke yake alipopandishwa na panya mwenye alfa, ule uzi uliokwama kwa mzazi uliibuka juu ya seli za watoto.

Je, wajua kwamba jeni hiyo moja imeharibika zaidi ya mara moja, kila mara kwa namna yake? Mwaka 1983 Diane Mathis, Christophe Benoist na wenzao walichapisha uchunguzi wa aina nne za panya wasio na E. Aina mbili zimepoteza kipande kilekile cha DNA, herufi mia sita na kitu, pamoja na sehemu inayoiwasha jeni. Hazitoi ujumbe wowote. Aina mbili zilizobaki zinatoa ujumbe, ila ni mchache na una urefu usio wake. Na tusiseme ni ajali ya vizimba vya maabara, kwa kuwa panya wa porini nao wamekutwa hawana E.

Jeni ikiharibika mara moja, tutasema ni bahati mbaya. Ikiharibika mara kadhaa, kwa njia tofauti, na ubovu ukaenea badala ya kufutika, basi kuna anayefaidika.

Je, wajua anayetuhumiwa? Ni kirusi kinachosafiri katika maziwa ya mama. Mwaka 1936 John Bittner, wa Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, alichukua watoto wa panya wa ukoo unaougua sana saratani ya matiti, akawapa mama wa kuwanyonyesha kutoka ukoo usioiugua. Saratani ikapungua mno. Ugonjwa uliodhaniwa ni wa damu na ukoo kumbe ulikuwa unanyonywa. Bittner alikuwa mwangalifu asiuite ugonjwa wa virusi, kwa kuwa wakati ule mtu aliyesema virusi huleta saratani alitazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini kirusi ndicho kilichokuwemo. Leo kinafahamika kwa kifupi kama MMTV, na ni cha jamii moja pana na VVU: virusi vinavyojipenyeza ndani ya DNA ya seli vinayoishambulia.

Sasa angalia ujanja wake. Mtoto wa panya ananyonya, kirusi kinapita tumboni hadi kwenye utumbo, kinaingia katika seli B. Seli B ni askari wa kinga, na kirusi kingeweza kukaa humo kimya. Hakikai. Kinamlazimisha askari huyo aonyeshe juu ya utando wake protini ya kirusi iitwayo superantijeni. Antijeni ya kawaida huamsha seli T moja moja kati ya maelfu mengi. Superantijeni huamsha fungu zima kwa mkupuo, mara nyingine zaidi ya asilimia 10 ya seli T zote. Seli T zikishaamka hufanya kazi zilizoumbiwa: huziamuru seli B zigawanyike. Na kila seli B inayogawanyika inazaa nyingine yenye kirusi. Kinga ya panya ndiyo inayokilea. Baadaye, panya jike akibalehe na kushika mimba, kirusi huhamia kwenye matiti, huingia kwenye maziwa, na safari huanza upya kwa kizazi kingine. Saratani ni ajali ya njiani tu, kirusi kinapojipachika karibu na jeni isiyofaa kuguswa. Mojawapo ya jeni hizo, Wnt1, iligunduliwa mwaka 1982 kwa kufuata nyayo za kirusi hikihiki.

Na superantijeni hiyo hushikwa na nini juu ya seli B? Kwa aina nyingi za kirusi hiki hushikwa barabara na protini E. Panya asiye na E, kama C57BL/6, hukisumbua sana kirusi: kelele haipigwi, seli B hazigawanyiki, maambukizi hufifia. Watafiti walipompa panya wa namna hiyo jeni ya E inayofanya kazi, alianza kuambukizwa. Mwizi akizoea kuingilia mlango wa uani, mwenye nyumba huuziba, hata kama ni mlango aliokuwa akiutumia mwenyewe kutolea taka.

Je, wajua kwamba kuna panya waliokwenda mbali zaidi, wakajikata upande wa pili wa mnyororo? Badala ya kupoteza E, wamepoteza vipokezi vya seli T ambavyo superantijeni huving'ang'ania. Koo za maabara kama SJL na SWR zimepoteza karibu nusu ya jeni za sehemu moja ya vipokezi hivyo, na pengo la aina hiyo limeonekana kwa panya wa porini pia. Nusu nzima! Hapo ndipo unapoona gharama ambayo mnyama yuko radhi kuilipa.

Je, wajua pia kwamba panya wengi wa maabara wamebeba nakala kadhaa za kirusi hichohicho ndani ya vinasaba vyao, zikirithiwa kama rangi ya manyoya? Mababu waliambukizwa, kirusi kikaingia kwenye mbegu za uzazi, kikabaki. Nakala hizo bado zinatoa superantijeni. Seli T changa zikikutana nayo mapema zinauawa, kwa sheria ya kawaida ya mwili kwamba seli inayoshambulia kilicho chako haifai kuishi. Matokeo yake, kirusi cha nje kinachotumia superantijeni ya aina ileile kikija hakikuti wa kumwamsha. Kirusi cha zamani kinamlinda panya dhidi ya ndugu yake. Wataalamu waliziona seli T zikitoweka hivyo katika miaka ya 1980 wasijue sababu. Mwaka 1991 timu kadhaa kwa pamoja zilifichua kwamba ni virusi.

Kwa haki, si wote wanaokubali kwamba MMTV peke yake ndicho kilichoizima E. Wapo wanaosema kwamba kila protini ya kuonyeshea vipande husababisha baadhi ya seli T kuuawa mapema, na hivyo kuwa na moja pungufu kunaacha seli T za aina nyingi zaidi. Hoja ina uzito. Lakini mimi naona haielezi vizuri kwa nini ni E inayozimwa na A huachwa, ilhali ya kirusi inaeleza.

Je, wajua kwamba kunyamaza huko kuna deni? Panya aitwaye NOD, aliyetangazwa Japani mwaka 1980 na Susumu Makino na wenzake wa kampuni ya dawa ya Shionogi, huugua kisukari kile cha aina ya kwanza, ambacho kinga yenyewe hushambulia kongosho. Majike huugua zaidi kuliko madume. NOD naye hana E. Mwaka 1987 watafiti walimrudishia jeni hiyo, na seli za kinga zikaacha kuvamia kongosho.

Tuondoke kwenye maziwa, twende kwenye mafua.

Je, wajua kwamba utafiti mwingi wa homa ya mafua umefanywa kwa panya waliokosa silaha yao kuu dhidi ya mafua? Mswisi Jean Lindenmann, ambaye mwaka 1957 akiwa London pamoja na Alick Isaacs aligundua intaferoni, aliona mwaka 1962 kwamba panya wa ukoo wa A2G wanavumilia dozi ya virusi vya mafua inayowaua panya wengine. Akawazalisha na panya dhaifu. Watoto wote wakawa imara. Maana yake ni kwamba uimara huo hurithiwa hata kwa mzazi mmoja, na jeni inayouleta ni moja. Iliitwa Mx1, ikanaswa mwaka 1986, na muda mfupi baadaye ikadhihirika kwamba cha ajabu hakikuwa A2G. Cha ajabu walikuwa wale wengine. Koo nyingi za maabara, C57BL/6 na BALB/c zikiwemo, zimepoteza vipande vitatu vya jeni hiyo. Chache zina herufi moja iliyobadilika ikawa alama ya kusimama katikati ya sentensi. Na jirani yake, Mx2, ameharibiwa na herufi moja iliyochomekwa pasipostahili.

Hapa hakuna mwizi wa mlango wa uani. Mafua ya binadamu si ugonjwa wa kawaida wa panya. Virusi hulazimika kuzoeshwa kwanza ndani ya mapafu yake ndipo vimuue. Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba silaha isiyotumika ilioza. Ni rahisi mno, nadhani. Mx1 hiyohiyo inawalinda panya dhidi ya virusi vya Thogoto, vinavyobebwa na kupe, na ambavyo havihitaji kuzoeshwa ili kumuua panya. Jina ni la kwetu: vilipatikana mwaka 1960 kwa kupe wa ng'ombe katika msitu wa Thogoto, karibu na Nairobi. Panya mwenye Mx1 nzima hupona. Mwenye mbovu hufa. Kwa mnyama anayelala majanini na kuumwa na kupe, hiyo si silaha ya makumbusho.

Je, wajua kwamba pomboo na nyangumi wenye meno wamepoteza Mx zote mbili? Binamu zao, nyangumi wasio na meno, wanazo.

Je, wajua kwamba badiliko la herufi moja lilimpatia mtu Tuzo ya Nobeli? Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba panya wa ukoo wa C3H/HeJ hawadhuriki na sumu iliyomo kwenye ukuta wa bakteria fulani, sumu ambayo kwa panya wengine, na kwa binadamu, huleta homa kali, presha kushuka na kifo. Ungedhani wamebarikiwa. Lakini wape bakteria wenyewe walio hai, salmonela wachache tu, wanakufa haraka kuliko wenzao. Kwa nini asiyeumizwa na sumu auawe na mwenye sumu? Bruce Beutler alichimba swali hilo kwa miaka kadhaa huko Dallas, Texas, akipunguza eneo la kromosomu hatua kwa hatua, hadi mwaka 1998 alipolifikia jibu: jeni Tlr4. Kwa C3H/HeJ, asidi amino ya 712 katika protini hiyo imegeuka kutoka prolini kuwa histidini, basi. Ukoo mwingine usio na undugu wa karibu naye, C57BL/10ScCr, umeipoteza jeni nzima. Tlr4 ndiyo pua ya kinga: hainyong'onyezi bakteria, inamtambua tu na kupiga mbiu. Sumu haiui kwa ukali wake, inaua kwa sababu mwili unaijibu kwa fujo. Asiyeisikia hafi kwa fujo, bali hufa kwa kutojua kwamba kaingiliwa. Beutler alituzwa mwaka 2011, pamoja na Jules Hoffmann na Ralph Steinman. Steinman alikuwa amefariki siku tatu kabla ya kutangazwa, na kamati haikuwa na habari.

Je, wajua kwamba katika jamii hiyohiyo ya jeni, panya na mtu wamenyamazisha vitu tofauti? Panya anayo Tlr11, ambayo humsaidia kumtambua kimelea wa toksoplazma, yule anayezaliana ndani ya paka. Kwetu Tlr11 ni gofu. Sisi tuna TLR10 inayofanya kazi. Kwa panya imevunjwa na kipande cha kirusi kilichojichomeka katikati yake. Panya aliye jirani wa paka kila siku akatunza kile kinachomwambia habari za paka. Inavutia kuamini hivyo, ingawa sijui kama inatosha.

Je, wajua kwamba mtu aliyefumbua mojawapo ya mafumbo haya anajulikana zaidi Afrika Mashariki kwa habari ya ndoo za maji? David Bradley alifanya kazi Chuo cha Makerere, na ni mmoja wa waandishi wa kitabu maarufu cha mwaka 1972 kuhusu namna familia za Kenya, Uganda na Tanzania zinavyopata na kutumia maji. Kisha, akiwa Uingereza, aliingia kwenye kala-azar, ugonjwa unaoletwa na usubi na unaowatesa hadi leo watu wa Baringo, Turkana na Pokot. Aliambukiza panya wa koo mbalimbali akaona wanagawanyika makundi mawili bila katikati: kwa wengine vimelea huongezeka ini likajaa, kwa wengine vinadhibitiwa tangu wiki za mwanzo. Alitangaza mwaka 1974 kwamba kuna jeni moja, akaiita Lsh.

Wakati huo wengine walikuwa wanawinda jeni iliyompa panya uwezo dhidi ya salmonela, wakaiita Ity. Wengine tena, huko Montreal, Canada, walikuwa na yao iliyohusu chanjo ya BCG, wakaiita Bcg. Zote tatu zikaangukia sehemu ileile ya kromosomu ya kwanza, na mwaka 1993 kundi la Philippe Gros na Emil Skamene likaitoa: ni jeni moja, Nramp1. Protini yake hukaa kwenye utando wa kile kijifuko ambamo seli hufungia vijidudu ilivyomeza, na huvuta madini nje ili vijidudu vife njaa. Kwa panya dhaifu, asidi amino ya 169 imebadilika kutoka glisini kuwa asidi aspartiki, na pampu imekufa. C57BL/6 na BALB/c wote wamo katika kundi hilo. Jambo moja lisisahaulike: uwezo dhidi ya BCG haukugeuka kuwa uwezo dhidi ya kifua kikuu chenyewe. Panya wenye Nramp1 nzima walipopewa bakteria wakali wa TB hawakuwazidi wenzao.

Je, wajua kwamba herufi mbili tu zilizopotea zinatosha kuondoa protini nzima ya C5 katika damu? Ndivyo walivyo panya wa DBA/2, A/J na AKR. Hawana sehemu ya mfumo unaotoboa bakteria, na wanaishi, wanazaa, wanauzwa.

Je, wajua kwamba panya asiye na manyoya ndiye aliyefundisha dunia kuotesha saratani ya mtu ndani ya mnyama? Alitokea mwaka 1962 katika maabara ya virusi ya hospitali ya Ruchill, Glasgow, Scotland, mtoto uchi kati ya wenye manyoya. Ilidhaniwa ni kasoro ya ngozi. Mwaka 1968 E. M. Pantelouris alipasua vifua vyao akatafuta tezi ya thaimasi, mahali seli T zinapokomaa, asiione. Jeni moja, ambayo leo huitwa Foxn1, inajenga vyote viwili, unywele na thaimasi, na imepoteza herufi moja. Bila seli T, mwili haukatai cha mgeni. Mwaka uliofuata Wadenmark wawili, Rygaard na Povlsen, walipandikiza uvimbe wa saratani ya utumbo wa binadamu kwa panya hao, ukakua. Porini panya huyu hangemaliza mwezi. Katika chumba safi ni mali.

Je, wajua kwamba panya wa Philadelphia na farasi wa Kiarabu wana kasoro ya jeni moja? Melvin Bosma na wenzake wa kituo cha saratani cha Fox Chase walimweleza mwaka 1983 panya asiye na seli T wala B. Jeni yake Prkdc, inayounganisha DNA iliyokatika, ina alama ya kusimama karibu na mwisho. Farasi wa Kiarabu, fahari ya Ghuba, wamo wanaozaliwa na ugonjwa uleule kwa kupoteza herufi tano za jeni hiyohiyo. Mtoto wa farasi akiirithi kwa baba na kwa mama, hufa kwa maambukizi akiwa na umri wa miezi michache. Siku hizi wafugaji hupima damu kabla ya kupandisha.

Je, wajua kwamba kuna jeni ya kinga ambayo binadamu wengi wamefaidika kwa kuipoteza, na ushahidi umetoka kwa panya? Ni caspase-12. Panya wanayo hai, na kazi yake ni kuituliza kinga. Walipoondolewa kwa makusudi, walistahimili zaidi maambukizi ya kutoboka utumbo. Kwa binadamu, nje ya Afrika karibu wote wana nakala iliyokufa. Nakala hai imebaki kwa sehemu ya watu wenye asili ya Afrika, yapata mmoja kati ya watano, na imehusishwa na hatari kubwa zaidi ya bakteria kuenea kwenye damu. Vinasaba vinaonyesha kwamba nakala bubu haikuenea kwa bahati. Ilisukumwa.

Je, wajua kwamba wengi wa wasomaji wa safu hii wana jeni bubu ya aina hiyo katika chembe nyekundu za damu? Herufi moja iliyobadilika kwenye swichi ya jeni ya Duffy huizima ndani ya chembe nyekundu peke yake, seli nyingine zikaendelea nayo. Duffy hushika kemikali zinazoita askari wa kinga, na malaria ya vivax huitumia kuingilia. Ndiyo maana vivax ni adimu Afrika ya Kati na Magharibi. Adimu, si kwamba haipo: mwaka 2006 iliripotiwa kwa watu wasio na Duffy magharibi mwa Kenya, na mwaka 2010 Madagaska.

Je, wajua kwamba malaria inayotumika zaidi kwa panya wa maabara ilitoka Katanga? Plasmodium berghei ilielezwa mwaka 1948 na Ignace Vincke na Marcel Lips, karibu na Lubumbashi ya leo, kutoka kwa panya wa vichakani. Ukimpa C57BL/6 aina yake moja, ANKA, hupatwa na malaria ya ubongo na kufa ndani ya siku sita hadi kumi. BALB/c kwa kawaida huivuka hatua hiyo. Na C57BL/6 aliyeondolewa seli T za kuua, au silaha yao iitwayo perforini, haugui ubongo hata vimelea vikijaa kwenye damu. Kinachomuua ni kinga yake kuliko kimelea.

Lakini berghei si malaria yetu. Falsiparamu, inayoua watoto huku kwetu, haikubali kuishi katika damu ya panya. Ili imkubali, ilibidi apatikane panya asiyekataa chochote, na huyo ametengenezwa kwa kulimbikiza jeni bubu. Anaitwa NSG. Msingi wake ni NOD, kwa hiyo hana E, na C5 yake imekufa kwa zile herufi mbili. Ameongezewa Prkdc mbovu ya Philadelphia, hivyo hana seli T wala B. Mwisho, watu wakamzimia jeni ya Il2rg kwa mikono yao, zikaondoka na seli zinazoua zilizokuwa zimebaki. Mwili huo huchomwa sindano za damu ya mtu kila mara hadi chembe nyekundu za kibinadamu zinajaa mishipani, kisha falsiparamu hutiwa, huzaliana humo, na dawa mpya ya malaria hupimwa hapo kabla haijaonjwa na mtu.